Mbarika: Mafuta na Sumu Ndani ya Gamba Moja

Mbarika ni mti ambao hakuna aonaye fahari kuupanda, wala hakuna asumbukaye kuung'oa. Huota jaani, nyuma ya ukuta uliobomoka, kando ya njia, ukingoni mwa mto uliokauka, na kila pahala ambapo ardhi imechimbwa kisha ikaachwa. Wapo wauitao mbono, wapo wauitao mnyonyo, na mbegu zake huitwa nyonyo. Wataalamu wa mimea huujua kwa jina la Ricinus communis, aliloliandika Carl Linnaeus mwaka 1753. Neno ricinus kwa Kilatini ni kupe, kwa kuwa mbegu ya mbarika, iliyonona na kutapakaa mabaka, inafanana mno na kupe aliyeshiba damu. Wagiriki nao waliuita kroton, na kwao pia neno hilo lilikuwa jina la kupe. Mataifa mawili yaliitazama mbegu moja, na yote mawili yakaona mdudu wa kuogopwa. Hata hivyo, mafuta ya mbegu hiyohiyo yamepakwa utosini mwa watoto wachanga kwa maelfu ya miaka.

Aghalabu mtu huudhania mti huu kuwa ni mgeni, kwa vile umeenea katika nchi zote za joto. Ukweli ni kuwa ni mzaliwa wa upande huu wa Afrika. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa mibarika pori, kizazi mama cha mibarika yote ilimwayo leo, ingalipo Kenya na Ethiopia, na kwamba Afrika ya Mashariki ndiko mti huu ulikoanza kulimwa. Kwa hiyo ukitaka kuufahamu vyema, haitoshi kuutazama jaani mjini. Yafaa ufuatwe huko kwenye nchi kavu, ambako kila tabia yake ina sababu.

Mimea ya ukame ina njia zake mashuhuri za kujihifadhi. Mgunga huvaa miiba na kulipunguza jani likawa dogo kama ukucha. Mbuyu huyaweka maji shinani. Mpungate umeliacha jani kabisa, ukabaki na miiba na mwili mnene. Mbarika haukumfuata hata mmoja katika hao. Jani lake ni pana kuliko sahani, lenye ncha tano hadi kumi na moja zilizotanuka mfano wa vidole, hata Wazungu wa zamani wakaupa jina la Palma Christi, yaani kiganja cha Kristo. Jani la namna hiyo katika nchi isiyo mvua ni mfano wa mtu avaaye joho jeupe kwenda kuchimba kisima.

Siri ya kwanza imo chini. Mzizi mkuu wa mbarika hushuka chini sana, na ndiyo sababu mti huu hupenda mito ya msimu, ile ambayo kaskazini ya Kenya huitwa laga. Mafuriko yakipita, mchanga wa juu hukauka kwa siku chache, lakini maji hubakia chini yake kwa miezi. Huko Namibia, katika mito ya jangwani kama vile Swakop na Kuiseb, mbarika umeingia kama mgeni na kuota kwa wingi katika vitanda vya mito hiyo, ukashindana na mimea ya asili kwa maji hayohayo yaliyofichika. Siri ya pili ni wakati. Mbarika hauisubiri neema, huirukia. Ardhi ikilowa, mti hukua kwa pupa, na jani lake pana hulifaidi jua kali ambalo mimea mingine hulikimbia. Maji yakipungua, vitundu vidogo vya jani hujifunga ili unyevu usitoroke, na shida ikizidi majani huangushwa. Mashina ya aina nyingi hupakwa unga mweupe wa nta unaozuia maji kupotea. Pasipo baridi kali mbarika huishi miaka mingi na kufikia urefu wa mita 10 na zaidi. Penye baridi hufa mwaka uleule, lakini baada ya kuzaa.

Uzazi wake nao una busara ya mtu aliyezoea dhiki. Shada moja hubeba maua ya kiume chini na maua ya kike juu, haya ya kike yakiwa na vinyoya vyekundu, na mshenga wao mkubwa ni upepo, ambao katika nchi kame haukosekani. Penye kikonyo cha jani kuna vitezi vitoavyo utamu. Sisimizi huufuata utamu huo na, wakiwa hapo, huwasumbua wadudu waliokuja kula jani. Tunda lina vyumba vitatu na mbegu moja katika kila chumba. Jua likilikausha sawasawa, hupasuka kwa kishindo na kuzirusha mbegu mita kadhaa. Kila mbegu ina kinundu laini kichwani, chakula wakipendacho sisimizi, nao huichukua mbegu hadi shimoni, wakala kinundu na kuiacha mbegu yenyewe imefukiwa. Mti usioweza kutembea umepata wachukuzi, na ujira wao ni tonge moja.

Ndani ya mbegu hiyo ndimo mwenye habari kubwa. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, nayo ni masurufu ya safari. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, hali gramu moja ya wanga hutoa 4 tu. Mche unaochipua katika ardhi inayokauka hauna budi kuuzamisha mzizi kabla unyevu haujaukimbia, na asiye na akiba nzito hafiki. Mwaka 1967 wanasayansi R. W. Breidenbach na Harry Beevers, wakiichunguza mbegu ya mbarika inayoota, walivitambua vifuko vidogo ndani ya seli ambamo mafuta huanza safari ya kugeuzwa sukari, wakaviita glioksisomu. Leo vifuko hivyo husomeshwa popote inaposomeshwa sayansi ya mimea, na mwalimu wa kwanza alikuwa ni nyonyo.

Mafuta yenyewe hayana ndugu. Takriban sehemu tisa katika kumi za asidi zake ni asidi ya risinoleiki, mnyororo wa atomi 18 za kaboni ambao, penye kaboni ya 12, umepachikwa oksijeni na haidrojeni pamoja. Kipachiko hicho kidogo ndicho kilichoubadilisha mwenendo wa mafuta yote. Kwacho molekuli hushikana, na mafuta yakawa mazito kama asali mbichi. Kwacho huyeyuka katika spiriti, jambo ambalo mafuta mengine ya mimea hayaliwezi kwa wepesi, lakini hayachanganyiki upesi na petroli. Kwa sababu hiyo ndege za Vita Vikuu vya Kwanza, vya mwaka 1914 hadi 1918, zililainishwa injini zake kwa mafuta ya mbarika, na jina la Castrol limetokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Kwa asidi hiyohiyo viwanda vya Ufaransa hutengeneza nailoni. Na kwa asidi hiyohiyo watoto wa pwani wamekimbizana na haluli asubuhi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa hukigusa kipokezi kimoja kilicho katika misuli ya utumbo na ya tumbo la uzazi. Jambo ambalo wakunga walilijua kwa uzoefu, kwamba kiharishacho huweza pia kuanzisha uchungu, limepata maelezo yake, na pamoja nayo sababu ya mja mzito kutoyagusa mafuta haya pasina ushauri wa daktari.

Pembeni ya mafuta hayo, ndani ya gamba lilelile, imewekwa risini. Peter Hermann Stillmark aliitenga na kuipa jina mwaka 1888, akiwa mwanafunzi wa udaktari huko Dorpat, mji uitwao leo Tartu. Mwaka 1891 Paul Ehrlich aliwapa panya kiasi kidogo kidogo cha sumu hiyo hadi wakaizoea, na kwa majaribio hayo elimu ya kinga ya mwili ikapiga hatua kubwa. Risini ni protini ya minyororo miwili. Mmoja ni mkono, na kazi yake ni kuishika sukari iliyo juu ya seli. Wa pili ni kisu. Kisu kikishaingia, huiendea ribosomu, kiwanda ambamo seli hutengeneza protini zake, na kung'oa adenini moja tu kutoka mahali pamoja maalumu. Wajapani Endo na Tsurugi ndio waliopabaini mahali hapo mwaka 1987. Kiwanda kilichong'olewa kijiwe hicho hakifanyi kazi tena, na molekuli moja ya risini huweza kuviharibu viwanda zaidi ya elfu moja kwa dakika. Mbegu ikimezwa nzima, gamba lake gumu huweza kupita tumboni bila kufunguka. Ikitafunwa, ndipo hatari ilipo. Mtoto aliyevutiwa na mabaka mazuri na kuitia mdomoni ni wa kukimbizwa hospitali bila kungojea dalili. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika nyonyo hicho kilichomo ndani ni kibaya zaidi.

Ajabu ni kuwa mti wenyewe haukai salama na sumu yake. Ribosomu za mbarika nazo zaweza kudhurika. Kwa hiyo mmea huitengeneza risini ikiwa imefungwa, haina makali, na kuifungua pale tu inapofika katika kifuko chake cha akiba. Na neno akiba si la mapambo hapa. Mbegu inapoota, protini hiyo huvunjwavunjwa na kuwa chakula cha mche. Kile kimuuacho mnyama ndicho kimleacho mtoto wa mti. Katika nchi ambayo jani bichi huonekana na kila mbuzi mwenye njaa, mmea unaolaza masurufu yake chini ya jua bila mlinzi haupati kizazi cha pili. Majani nayo yamepewa alkaloidi iitwayo risinini, ambayo ni kitu kingine mbali na risini ijapokuwa majina yamekaribiana. Si sumu kali kama ile ya mbegu, lakini huwafukuza wadudu wengi.

Suala basi ni namna binadamu alivyoweza kuyatoa mafuta bila kuitoa sumu, kabla hajajua hata jina la protini. Jawabu limo katika kazi ya wanawake. Mbegu huanikwa, zikakaangwa kidogo, zikatwangwa kinuni, kisha zikachemshwa katika maji mengi kwa saa nyingi. Mafuta huelea, yakaenguliwa kwa upawa, yakapashwa tena moto mpaka maji yaliyobaki yaishe. Mashudu humwagwa mbali na kuku na mbuzi. Kila hatua ya kazi hiyo ina hoja yake ya kikemia. Risini huupenda upande wa maji na haiyafuati mafuta. Hubaki katika maji na katika mashudu, na mchemko wa muda mrefu huivunja umbo lake isiweze tena kushika wala kukata. Bibi aliyemkanya mjukuu asifupishe mchemko hakuwa akirefusha kazi kwa mazoea. Alikuwa akisimamia mpaka kati ya dawa na kaburi.

Mpaka huo hulindwa pia na jina, na hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapodai umakini. Jina mbono hupewa mbarika, na hupewa pia mti mwingine wa ukoo huohuo, mbono kaburi, ambao wataalamu huuita Jatropha curcas. Mbegu zote mbili zina mafuta, na zote mbili zina sumu. Lakini katika mbono kaburi imo sumu nyingine, esta za foboli, ambayo huyapenda mafuta na kutoka pamoja nayo. Kwa hiyo kanuni ya bibi, kuwa kielekeacho juu ni salama na kibakicho chini ni hatari, ambayo kwa mbarika ni kweli tupu, kwa mbono kaburi haifai kitu. Aambiwaye "mafuta ya mbono ni dawa" bila kuulizia ni mbono upi, amekabidhiwa nusu ya elimu, na katika mambo ya sumu nusu hiyo ni hatari kuliko kutojua kabisa.

Utata wa jina la mti huu si mpya. Wamisri wa kale waliufahamu sana. Hati ya mafunjo ya Ebers, iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, inautaja kwa kuharisha na kwa kuotesha nywele za wanawake. Herodotus alisimulia kuwa mafuta yake waliyaita kiki, wakiyawashia taa zilizonuka vibaya. Katika sheria za mapato za Ptolemy wa Pili, za mwaka 259 kabla ya Kristo, mbarika umo pamoja na ufuta katika mazao ambayo mafuta yake yalihodhiwa na dola. Na kutoka neno kiki wanazuoni wengi wameona njia ya kuelekea kwenye mti wa Nabii Yunus.

Qur'ani huutaja mti huo kwa neno yaqtin, na wafasiri wengi wameueleza kuwa ni mmung'unye au wa jamii yake. Katika maandiko ya Kiebrania jina lake ni qiqayon: mti uliomwotea Yona nje ya Ninawi ukampa kivuli, kisha mdudu akautafuna, ukanyauka, na upepo wa mashariki ukamchoma kichwa. Jerome, alipotafsiri kisa hicho kwa Kilatini, aliandika neno la mtambaazi uitwao hedera mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kusikia mmung'unye. Mwaka 403 Augustine alimwandikia kuwa katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli ya Libya, waumini walizusha ghasia waliposikia neno geni, na askofu wao alikaribia kubaki bila waumini. La kushangaza ni kuwa Jerome mwenyewe alikwisha kuueleza mti anaoukusudia: huota penye mchanga huko Palestina, una majani mapana mfano wa mzabibu, husimama kwa shina lake bila kutambaa, na katika siku chache huwa mti mdogo wenye kivuli. Ni vigumu kuyasoma maelezo hayo bila kuuona mbarika. Kisa kinachosisitiza mti ulioinuka ghafla na kunyauka ghafla kimeishika tabia ya mmea uliojifunza kuirukia neema kabla haijapita.

Leo mbarika umeingia katika hesabu kubwa. Mafuta mengi yauzwayo duniani hutoka India, na huko mkoa unaoongoza ni Gujarat, katika nchi kame za Banaskantha, Mehsana na Kutch. Kutch hiyo si ngeni kwa watu wa mwambao, kwani bandari yake ya Mandvi ilipeleka majahazi Unguja, Mombasa na Maskati kwa karne nyingi. Wakulima hupanda mvua za masika yao zinapoanza kukolea, Julai na Agosti, na huchuma kuanzia Desemba, mara baada ya mara, kwa sababu mashada hayaivi pamoja. Afrika nayo imeanza kuitwa mezani. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kituo cha kukamulia mbegu huko Makueni, Kenya, mbarika ukiwa miongoni mwa mazao yake, na mafuta kupelekwa Italia kugeuzwa nishati. Hoja itolewayo ni kuwa mti huu haunyang'anyi shamba la mahindi, kwa vile huvumilia pale ambapo mahindi hufa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini kuvumilia si kuzaa. Mbarika ulionusurika kiangazi huweza kusimama hai bila kumpa mkulima gunia, na mkulima halipwi kwa uhai wa mti.

Yapo pia mashudu. Kiwandani hakuna bibi wa kuyamwaga mbali na kuku. Ni mbolea nzuri yenye naitrojeni nyingi, lakini yasiposafishwa kwa joto hubeba risini, na vumbi lake, hata pasipo kuzungumzia risini, lina protini nyingine ziletazo pumu. Mwaka 1928 madaktari Figley na Elrod walieleza habari za watu wa Toledo, jimboni Ohio, Marekani, walioshikwa na pumu kwa sababu ya vumbi la kinu cha kukamulia mbarika kilichokuwa jirani na nyumba zao. Hawakuitafuna mbegu wala kuishika. Walifungua madirisha tu.

Tani moja ya nyonyo ikikamuliwa, takriban nusu yake huondoka ikiwa mafuta safi, na huyo aipokeaye ng'ambo hana haja ya kujua kilichokuwa pembeni yake ndani ya gamba. Nusu ya pili hubaki hukohuko kwenye nchi kavu ilikolimwa. Bibi mwenye kinu alizijua nusu zote mbili kwa majina yao, na alijua pa kuiweka kila moja. Mkataba wowote wa mbarika unaotaja bei ya nusu ya kwanza na kunyamaza juu ya mahali pa nusu ya pili, haujafikia elimu yake.